Vazi Lisilo na Mpira

Punta Yeco, Chiloé
3 Machi 2019

Yasna,

Nani alikufundisha kumzunguka bibi yako? Miezi mitatu sasa baba yako anapanda kilimani kutafuta mtandao, mnapanga naye mambo ya chini ya maji, na mimi niliyekaa mashuani nikimshikia mpira wa kupitisha hewa miaka ishirini na sita naletewa habari na mke wa muuza mkate. Tena mbele ya watu. "Mama Zunilda, kumbe mwaka huu unastaafu! Mjukuu wako ametengeneza vazi lisilotaka mpira!" Nikajichekesha kama mjinga. Nikatoka, mkate nimeuacha pale pale.

Kaa chini usome. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kalamu bado inanitii.

Picha ya vazi lako nimeiona. Baba yako Ladislao ameibandika ukutani pale alipokuwa Mtakatifu Petro, na Mtakatifu Petro yuko kabatini pamoja na sukari. Kofia laini kama yai, matamvua shingoni kama ya samaki, na tarakimu zinawaka ndani ya kioo. Mtu wako anaelea kwenye maji ya buluu kama ya tangazo la dawa ya meno. Maji gani hayo? Hapa mwanangu akiwa pima kumi na mbili chini haoni goti lake mwenyewe. Anang'oa kome kwa kupapasa, na mikono yote miwili ina kazi. Sasa niambie, huyo asiye na mpira atanijulishaje kwamba kapu limejaa? Sisi huvuta. Mvuto mmoja, nipe mpira zaidi. Miwili, kapu limejaa. Mitatu, nitoe. Hata usingizini vidole vyangu huwa vinasikiliza.

Nimesikia pia kwamba hewa ikikaribia kuisha kitu kitatetemeka ndani ya glavu, kidoleni. Kidole kipi, mwanangu? Jana asubuhi nilitia mkono kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikasali rozari nusu, kisha nikajaribu kufunga kifungo cha sweta. Nilishindwa. Na hiyo ni ndoo. Baba yako akiwa amekaa chini nusu saa, vidole vyake ni vya mtu mwingine.

Anasema tarehe kumi na nne Aprili anakuja mhandisi wenu, na yeye baba yako atazama na vazi mbele yake. Nimemwambia hazami. Akaniambia, "Mama, nina miaka arobaini na tisa, nitazama na ninachotaka." Kwa hiyo wewe ndiye utakayenijibu.

Gunia la viazi limepanda basi la Jumanne. Usiviache vikaota.

Bibi yako,
Zunilda Chiguay


Valparaíso
17 Machi 2019

Bibi yangu,

Viazi vimefika, asante. Naomba radhi kwa kukuzunguka. Nilijua utasema hapana, na nilijua ukisema hapana Baba atakutii.

Nikueleze kama ninavyowaeleza waamuzi wa shindano la uvumbuzi hapa chuoni, ila bila maneno yao makubwa. Vazi lina matamvua yanayochuja hewa iliyomo majini, na mgongoni kuna chupa ndogo ya akiba. Vyote pamoja vinampa mzamiaji dakika thelathini na tano. Mbavuni kuna mifuko inayojaa na kupungua yenyewe. Mtu akipanda haraka kupita kiasi, mifuko inamzuia pima tano, anasubiri hapo mpaka damu yake itulie. Vazi zima limetengenezwa kwa ajili ya hilo, Bibi. Ni wangapi hapo ghubani walioshikwa na bahari kwa sababu ya kupanda haraka? Ulinihesabia mwenyewe nikiwa mdogo, nyumba kwa nyumba, huyu amekufa, huyu anatembelea gongo.

Na kuna Babu. Pangaboi ya mashua nyingine iliukata mpira wake. Wewe ndiye uliyekuwa umeushika, uliushika vizuri, na bado alikufa. Nisamehe kwa kuandika hivi.

Kuhusu kidole umesema kweli. Nimewasomea wenzangu habari ya ndoo na kifungo, wakaacha kubishana. Nimekiondoa kidude cha kutetemeka kwenye glavu, nimekishona kwenye shavu la mguu wa kushoto. Hapo suti ni nene, baridi haifiki, na mguu hauna kazi ya kupapasa. Daktari wa chuo amejaribu kwa wanafunzi, anasema ni mahali bora. Nimechagua kushoto kwa sababu kulia mnafunga kisu. Unaona, nakusikiliza.

Jambo moja. Fomu ya jaribio ina mstari unaouliza afya ya mzamiaji. Baba ameandika "mzima". Nakuuliza wewe kwa sababu wewe uongo hukuujua: kuna lolote ninalopaswa kulifahamu?

Mjukuu wako,
Yasna


Punta Yeco
29 Machi 2019

Yasna,

Babu yako usimtaje tena kwenye barua za mitambo yako. Siku ile nilirudi nyumbani na kipande cha mpira, nikakiosha kwa maji baridi, nikakitundika msumarini. Sijalia mpaka leo. Sijui kwa nini, na sikukuuliza.

Vazi limefika kwa basi. Ladislao ameingia nalo kwenye pipa la pombe ya tufaha, limejazwa maji. Nilikaa juu ya kigoda namtazama kama anayelinda maziwa yasimwagike. Akatoka anacheka. "Mama, halina kelele! Kompresa haipo! Nasikia moyo wangu!" Nikamwambia moyo wako ungeusikia hata kanisani, kama ungekuwa unakwenda. Lakini nilifurahi kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Agosti.

Sasa nisikilize. Zipu iko mgongoni. Nani amemfunga? Mimi. Nani amemfungua? Mimi. Kwa hiyo mtu wa juu bado yupo, hukumwondoa. Umemnyang'anya mpira tu. Kioo kimeshika ukungu wa pumzi yake, tarakimu zako zote zikawa kama taa za basi kwenye mvua. Nikamwambia atemee mate akisugue kama kawaida, akasema hairuhusiwi, kuna rangi maalumu. Rangi maalumu! Mate ya wazamiaji yamesafisha vioo tangu kabla hujazaliwa wewe na rangi yako.

Hicho kidude cha kutetemeka kihamishie mguu wa kulia.

Baba yako anakula, anafanya kazi, anabishana. Andika mzima.

Zunilda Chiguay


Valparaíso
5 Aprili 2019

Bibi,

Siwezi kukihamisha. Kulia kuna kisu, nyaya zimeshonwa ndani, na vazi limeshapimwa na kupigwa muhuri. Kwa nini kulia? Nilimuuliza Baba kwenye simu, akasema, "Bibi yako hupenda kulia, ni mambo ya kanisa hayo." Akacheka. Kama una sababu, niandikie. Kama huna, niache nifanye kazi. Kidole ulikikataa, nikakusikiliza. Mguu nao unaukataa. Kesho utaikataa bahari yenyewe.

Ukungu naujua. Kwa sababu ya huo ukungu niliweka mtetemo. Hata asipoona kitu, mguu utamwambia.

Siji tarehe kumi na nne, waamuzi wanataka niwe nao huku tukifuatilia kwenye skrini. Atakuja mhandisi Poblete. Ni mtu mzuri. Mpe mikate ya viazi, usimgombeze.

Silali vizuri siku hizi. Likipita hili nitakuja nikusaidie kuchimba viazi.

Yasna


Punta Yeco
30 Aprili 2019

Yasna,

Ulikaa hospitalini siku tatu kando ya baba yako na hatukusemezana. Wewe upande ule wa kitanda, mimi upande huu, tunamtazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Naandika kwa sababu mvua imenifungia ndani.

Wewe una tarakimu. Mimi nitakupa nilichokiona.

Alishuka saa nne na robo. Nilikaa mahali pangu pale pale ubavuni mwa mashua, na mikono haikuwa na cha kushika, nikaiweka mapajani. Poblete alikuwa chini ya mwavuli na kile kibao chake cha kioo. Niliyatazama mapovu. Vazi linalokunywa bahari, nikawaza, mbona lina mapovu mengi. Baadaye mapovu yakakoma.

"Mapovu yamekoma," nikamwambia.

"Tulia, Bi Zunilda. Ishara imeshamfikia. Anamalizia kome wa mwisho."

"Imemfikia wapi?"

"Mguuni."

Nikasimama. "Mvute juu."

Akanitazama, kijana wa watu, macho yamemtoka. "Nimvute kwa kitu gani, mama?"

Na kweli, kwa kitu gani.

Aliibuka mbali na mashua, nusu mwili juu ya maji, mifuko ya mbavuni imepasuliwa. Ilikuwa imemshikilia pima tano, hana hewa, haimwachii, kama ulivyoishona. Akaikata kwa kisu. Tulipompandisha midomo ilikuwa rangi ya kome. Akasema, "Sijambo, Mama." Robo saa baadaye akasema, "Mama, nani amekalia miguu yangu?" Hakukuwa na mtu.

Lile tangi la chuma la hospitali, la kutuliza damu, limemweka siku sita. Sasa yuko nyumbani, kando ya jiko. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Anakula. Anaangalia mlango. Viazi nimeshavichimba, usije kwa ajili ya viazi.

Zunilda


Valparaíso
14 Mei 2019

Bibi,

Ripoti imetoka. Nakunakilia mstari wenyewe: "Kifaa kilitetemeka kwa dakika nne na sekunde kumi bila kukoma. Mzamiaji aliipuuza ishara." Chini yake kuna saini ya Baba. Poblete alimpelekea hospitalini, Baba akasaini bila kusoma ukurasa wa pili. Kwa nini alisaini? Baba hajawahi kupuuza kitu chini ya maji. Nimempigia, akaniambia, "Acha hivyo, binti yangu, kosa ni langu," akaanza kuuliza hali ya hewa ya huku.

Kwa kuwa kosa ni la mzamiaji, kampuni inayotengeneza mavazi imeridhika. Mavazi kumi na moja yameshashonwa. Tarehe ishirini Juni yanapakiwa kwenda ghuba za kusini, wapewe wazamiaji.

Kuna jambo sikukwambia wala sikumwambia Baba. Matamvua ni pambo. Ili mtu avute hewa ya kutosha kutoka majini angehitaji kupitisha maji mengi kama mto, kwa mashine kubwa kuliko mashua yako. Tulijua tangu mwaka wa kwanza. Lakini bila matamvua lilikuwa vazi la kawaida lenye chupa, na vazi la kawaida halishindi chochote. Dakika thelathini na tano hazikuwepo. Chupa ilikuwa ya dakika kumi na nane. Nilijiambia, mtetemo unapima chupa ya kweli, utamrudisha kwa wakati, tutasingizia baridi kwamba ndiyo iliyopunguza dakika.

Nimeandika hayo bila kusimama. Tangu nirudi nakula mkate ule ule wa kituo cha basi, asubuhi na jioni, siujui ladha. Watu wananipa pole, nasema asante. Mwenzangu alivunja glasi karibu yangu, nikaangalia vipande.

Bibi, kwa nini ulisema mguu wa kulia?

Yasna


Punta Yeco
3 Juni 2019

Yasna,

Kwa sababu wa kushoto ulikuwa umekufa.

Tangu Agosti. Kompresa ya kusukuma hewa ilizima akiwa pima kumi na tano, akapanda mbio, akatoka anacheka, kesho yake mguu wa kushoto kuanzia gotini hausikii. Ilipofika Septemba alilala ameuegemeza kwenye jiko. Tuliamka kwa harufu. Yeye mwenyewe hakuwa amejua, alidhani nimeunguza nyama.

Aliniapisha nisiseme. Daktari wa leseni angempiga muhuri mwekundu, na mzamiaji asiye na leseni anakaa jikoni na wanawake. Nikaapa. Kisha ikaja barua yako, unaniuliza mimi kwa kuwa uongo sikuujua. Nikaandika "mguu wa kulia" nikajiona mwerevu sana: siri nimeitunza na mwanangu nimemwokoa, kwa neno moja. Huo ndio ujinga wangu. Usiniambie ni darasa la tatu.

Kuhusu saini: nilimuuliza. Akasema, "Mama, heri niitwe mzembe. Wakijua nilizama mgonjwa watawapima wote." Nikamuuliza, dakika nne zile hukuhisi kitu? Akasema, "Nilikuwa najisikia vizuri. Palikuwa kimya. Nikawaza, mtoto wangu ametengeneza kitu kizuri."

Hayo ndiyo aliyosema. Nimeyaandika kama alivyosema, sijaongeza.

Matamvua ya pambo nimekusikia. Mwaka jana ningekuja kwa basi nikupige kofi mbele ya maprofesa wako. Sasa nimeisoma habari hiyo kisha nikaenda kupalilia vitunguu. Hasira imetafutwa, haikuonekana.

Lakini lile neno lake, watawapima wote, lilibaki nami. Jumapili baada ya misa nilichukua sindano ya kushonea magunia nikapita nyumba kwa nyumba. Mbili zilinifukuza. Kwingine walinipokea kwa mzaha. Mmoja, mwanamume mnene unayemjua, ananiita shangazi, alinikaribisha jikoni.

"Shangazi Zunilda, umeacha mpira umekuwa nesi?"

"Kunja suruali, tazama dirishani. Nikikuchoma, sema."

"Haya, choma basi."

"Nimeshachoma mara tatu."

Akaacha kucheka. Mkewe alikuwa anakanda unga, mikono ikasimama. Nikafuta damu kwa aproni nikaondoka.

Wazamiaji kumi na wanne walinipa miguu yao. Tisa wana mguu usiosikia, mmoja ana yote miwili. Wanajuana wenyewe kwa wenyewe, wote wanaficha, na wote wana leseni safi. Umeyasikia hayo? Ulishona kengele mahali wazamiaji wanapoanzia kufa. Na daktari wa chuo chenu alisema ni mahali bora, kwa kuwa alijaribu kwa wanafunzi.

Majina sikupi. Walinionyesha miguu yao, hawakuniuzia. Hata hivyo ghuba nzima imeshajua nilichofanya, na wengi hawanisalimu. Ladislao ameniambia nimewaua watu kumi wakiwa hai. Huenda. Ananisemesha akitaka maji tu.

Nilichoma na mahali pengine, usidhani nilimaliza miguuni. Mikono, shingo, mgongo, kila mtu na bahati yake. Fizi hakuna hata mmoja aliyevumilia. Baba yako mwenyewe, nusu mwili umekwenda, nilipomgusa ufizi alinitukana. Mzamiaji hubana kipumulio kwa meno. Kitu kinachotetemeka kikae hapo. Na mfungie kamba, nyembamba, rangi uitakayo, mwisho wake ukiwa mkononi mwa mtu. Mifuko yako ya mbavuni ni kazi nzuri, hilo nakupa. Lakini hewa ikiisha, mfuko umwachie mtu. Mtu aliye hai na amelemaa bado anaweza kuomba maji.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa waamuzi na kampuni kabla ya tarehe ishirini, uvae viatu vizuri, usilie. Sema mbele ya wote: Ladislao Nahuelquín alizama na mguu uliokufa, na mama yake, Zunilda Chiguay, alijua akaandika mzima. Sema matamvua ni pambo na chupa ni ya dakika kumi na nane. Sema hapa kwetu kumi kati ya kumi na wanne wana mguu usiosikia mtetemo, na wakitaka kubisha waje, sindano ninayo. Watakufukuza kazi. Fukuzwa. Wasipokusikiliza, ingia chumba yalipo yale mavazi kumi na moja na wembe, uyafumue mguu wa kushoto, moja baada ya moja, yasiweze kupakiwa. Kisha panda basi uje umwambie baba yako kwa mdomo wako habari ya dakika kumi na nane, kwa sababu mimi sitakubebea hiyo.

Usinijibu barua hii. Nenda.

Bibi yako,
Zunilda Chiguay